Waya Iliyoenda kwa Kina Mama

Siku ya kwanza kazini sikuonyeshwa maiki wala mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Fundi Mkuu wa idara ya sauti alinipa waya mkononi, akaniambia nifunge macho.

Hiyo ilikuwa mji wa Wote, ndani ya stoo ya vyombo nyuma ya kanisa. Fundi Mkuu alikuwa mzee mfupi, mtu wa maneno machache, na kila chombo alikishika kama kimelala na hataki kiamke. Waya ilikuwa ndefu, imekunjwa duara kubwa kama ukingo wa karai.

“Pitisha mkononi polepole,” akasema. “Ukisikia kitu, simama.”

Nikapitisha. Ilikuwa laini, halafu kidole changu kikaingia mahali.

“Hapa kuna kidonda.”

“Nani amekula?”

“Sijui, baba. Nimefunga macho.”

Akacheka. “Hata ukifungua hutajua. Fungua.”

Nikafungua na kweli sikujua. Akaniketisha kwa kreti ya soda, akaanza kunifundisha meno. Panya anaacha mifereji miwili midogo iliyokaa pamoja, kama mtu amechimba na sindano. Kindi anaacha kama hiyo lakini pana zaidi, na anamenya mpira mpaka mbali, kama mtu anayemenya muhogo. Nungunungu akikata, unafikiri ni panga. Mbuzi hakati. Mbuzi anatafuna, na waya inabaki imelainika na imelowa mate. Fuko huwezi kumwona kabisa, yeye yuko chini ya udongo na anauma akitokea huko huko.

Nikamuuliza wanapata nini kwa plastiki, na haina ladha.

“Meno ya panya hayaachi kukua,” akasema. “Asipotafuna yanamzidi mdomo. Si njaa. Anatafuna kwa sababu ni kazi yake. Kama vile wewe na mimi tuko kazini.”

Wakati huo nilikuwa mama wa watoto wawili na mfagiaji wa kanisa. Jioni nilikuwa naenda darasa la ngumbaru, yale masomo ya watu wazima. Niliingizwa idara ya sauti kwa sababu moja tu: baada ya ibada nilikuwa nakunja waya vizuri, kwa duara, bila kuzipinda kwa kiwiko kama vile watu wengi hufanya. Darasani tulikuwa tumefika mahali pa umeme. Mwalimu alituambia umeme unataka njia ya kwenda na njia ya kurudi. Hiyo sentensi moja imenilisha miaka mingi.

Maana waya ya spika ni hivyo tu, njia mbili ndani ya ganda moja. Mnyama akikata njia moja, spika inanyamaza. Akiuma ganda mpaka njia mbili zigusane, hiyo ni shoti, na ampu, ile mashine ya kukuza sauti, inaweza kuungua. Lakini mbaya kuliko zote ni ile imekatwa nusu. Hiyo inaongea asubuhi, mchana inakwaruza, upepo ukivuma inarudi tena, na wewe unahangaika na mikisa bure na shida iko kule nje kwa nyasi. Waya ikiwa fupi, unabadilisha tu. Ikiwa ni ya kuvuka uwanja mzima, iko nje peke yake usiku na mchana, na kila mwenye meno anapita hapo.

Nieleze pia kwa nini nilishika hii kazi vile nilivyoishika.

Mimi nimezaliwa upande wa Tulia, na kule kuna uwanja wa kongamano la kanisa letu. Watu hutoka Kitui na Makueni yote wakati shule zimefungwa. Msichana wangu wa kwanza, Mutheu, alipokuwa mchanga, nilienda naye. Neno lilipoanza tu, akalia. Mzee wa kupokea wageni akaja, kwa heshima, akaninong'oneza: “Mama, tafadhali mpeleke mtoto kwa mkwaju.”

Mti huo wa mkwaju ulikuwa mbali, nyuma ya jikoni, nyuma hata ya tangi la maji. Nilikuta kina mama wengine wamejaa hapo na watoto wao. Kutoka hapo unaona hema, unaona mhubiri akiinua mkono, lakini husikii kitu. Watu wakisimama, na sisi tunasimama. Jirani yangu alikuwa Mama Mwende, ambaye baadaye alikuwa mwenyekiti wa kina mama. Nikamuuliza, “Wamesema nini?”

“Sijui. Wamekaa. Kaa.”

Tukakaa. Mwaka uliofuata ilikuwa hivyo tena, na mwingine tena, maana nilikuwa nimepata wa pili. Mtu anatembea na mtoto mgongoni kutoka mbali, anabeba maji na uji, anakaa siku zote za kongamano, halafu anarudi nyumbani hajasikia hata mstari mmoja. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Ni vile mambo yalikuwa yamepangwa.

Nilipomweleza Fundi Mkuu, hakunihurumia. Alifikiria tu, kama fundi. “Spika ni rahisi,” akasema. “Honi moja, ile spika ya mdomo mpana, juu ya mti. Kazi ni kufikisha waya pale na ibaki nzima.” Kongamano lililofuata akaiweka mwenyewe. Kina mama walisikia siku mbili. Ya tatu waya ikakatwa na panya karibu na jikoni, na ikawa hivyo karibu kila kongamano.

Mimi sikuwa Tulia wakati huo. Nilikuwa nimetumwa Emali.

Emali ni mji wa barabara. Malori yanalala hapo, soko ni kubwa, na mikutano yetu ilikuwa ya nje kabisa, uwanja mtupu na vumbi. Mkubwa wangu alikuwa Mratibu wa Mikutano, mwanamume mcheshi ambaye hakuweza kukaa kimya hata akiwa na chakula mdomoni. Shida yangu ya kwanza ilikuwa malori kupita juu ya waya. Kwa hiyo nilifikiria vizuri, nikaona, hebu niipitishe ndani ya paipu nyeusi, ile ya mradi wa maji. Ni ngumu, inazikwa, haiozi. Tukaizika wakati wa kiangazi.

Baada ya muda mfupi spika ya mwisho ikanyamaza. Tulipochimbua, paipu ilikuwa imetobolewa mahali pengi, na meno yalikuwa mapana. Kindi. Huko kwetu kiangazi kikizidi, kindi wanajua paipu nyeusi ina maji. Wametoboa za miradi mpaka wamezoea. Walitoboa yangu, hawakupata maji, wakasogea mbele kidogo wakatoboa tena, kujaribu bahati. Na kila mahali walipotoboa, waya ilikuwa hapo ndani.

Mratibu alisimama juu ya mtaro akatikisa kichwa.

“Mama Mutheu, umewawekea bomba ukasahau maji. Hata mimi ningekasirika.”

“Nitaweka maji, Mratibu?”

“Weka na vikombe!”

Kutoka siku hiyo paipu ya maji niliitoa kwa akili yangu kabisa. Nalisema hili kwa sababu ndilo lililonipeleka kwa kosa la Tulia.

Nilihamishwa Tulia kuwa fundi wa vyombo wa ule uwanja. Msimamizi wa Kambi alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, mtu mnyoofu, shati limepigwa pasi hata akienda kuangalia mashimo ya choo. Nilifika wakati wa kongamano la Agosti. Waya ya kina mama ilikatwa siku ya pili. Niliunganisha, ikakatwa tena. Watu walipoondoka, akaniita chini ya hema likikunjwa.

“Mama Mutheu, nimevumilia hiyo spika. Kila mara waya, kila mara tepu, na mara moja karibu ituunguzie ampu. Ampu ikiungua, hema zima halisikii. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, Msimamizi.”

“Desemba ni mara ya mwisho. Waya ikiliwa tena Desemba, natoa hiyo honi. Kina mama watakaa nyuma humo ndani ya hema kama watu wengine.”

“Humo ndani mtoto akilia wanaambiwa watoke.”

“Basi watarudi kwa mkwaju. Ndivyo ilivyokuwa zamani na hakuna aliyekufa.”

Hakusema kwa kiburi. Alikuwa anaangalia hema zima, mimi nilikuwa naangalia mkwaju. Nilienda nikamwambia Mama Mwende vile mambo yako. Akauliza, “Unataka nini kutoka kwetu?”

Nikamwambia: jembe, mikono na magunia.

Sasa sikilizeni nyinyi vijana wa vyombo, hapa ndipo panapofaa. Huku kwetu gunia ni la kila kitu. Tukitaka kufunika kitu jua lisikichome, ni gunia. Tukitaka kubeba vyombo, ni gunia. Stoo ya Wote yenyewe, waya zote zilikuwa zimelala ndani ya magunia tangu kabla sijaingia. Hakuna aliyefundishwa, ni mazoea. Kwa hiyo nikaona, paipu imekataa, basi tutachimba mtaro kutoka hema mpaka mkwaju, tuvingirishe waya na magunia mengi mengi, tushone na kamba, tuzike. Panya atachoka na nyuzi kabla hajafika kwa waya.

Kina mama walikuja wengi. Kila mmoja alileta gunia la nyumbani kwake, lililotoka kumwagwa, wengine mawili. Tulichimba huku tukiimba, tukashona, tukafunika. Msimamizi alipita akatazama, akasema, “Hiyo imevaa koti kuliko mimi.” Nilifurahi. Ilikuwa Oktoba, kabla ya mvua.

Mvua ikanyesha vizuri mwaka huo. Nilikuwa nimeenda Wote kusaidia kwa stoo, nikarudi Tulia Novemba ikiisha, nipime waya. Nilipoingia geti la uwanja nikasimama. Kutoka mahali pa hema mpaka kwa mkwaju kulikuwa na mstari wa kijani, umenyooka kama umepigwa na rula.

Mama Mwende alikuwa amefika mbele yangu. Alikuwa amechuchumaa, anashika jani.

“Mama Mutheu. Nani amepanda ndengu kwa uwanja wa Mungu?”

“Ndengu?”

“Hii ni ndengu. Na hii yangu ni ile mbegu ya nailoni, naijua. Haki hii ni ya gunia langu.” Akasogea mbele akiangalia miche kama mtu anayetafuta watoto wake shuleni. “Hii ingine hapa si nailoni. Hii ni ya Mama Kasyoka, ile yake ya zamani anakataa kuacha.”

Tulicheka mpaka tukaketi chini. Halafu nikachimba na mkono, na kicheko kikaisha. Gunia lilikuwa limepasuliwa, nyuzi zimebebwa za kutandikia watoto wa panya, na waya ilikuwa na mifereji miwili miwili kila mahali nilipofukua. Ndengu huwa zinabaki kwa mishono ya gunia, hata ukikung'uta vipi. Unga wake unaingia kwa nyuzi. Tulikuwa tumewazikia panya mtaro mzima wa chakula na kitanda juu yake, halafu waya katikati.

Nikaiwekea tesita. Waya haikupitisha kitu, ilikuwa imekufa.

Msimamizi alikuja, akatazama ule mstari wa kijani kwa muda. Hakucheka. “Nitaleta sumu,” akasema. “Tutamwaga mtaro wote.”

“Hapana, Msimamizi.”

“Hapana nini?”

“Hapo Desemba watoto watatambaa. Wanaokota kila kitu, wanatia mdomoni.”

Alikuwa na wajukuu. “Basi unabaki na nini?” akauliza. “Siku zimebaki chache, na neno langu ni lile lile.”

Nilimpigia Fundi Mkuu simu, nikamweleza yote. Kisha akasema, “Na sisi tumekuwa tukilaumu panya miaka yote hii, kumbe ni magunia yetu.” Akaniambia hiyo waya niiache, atanitumia nzima kutoka Wote. “Na ikifika uioshe. Panya hasomi, ananusa.”

Waya ilifika sokoni Tulia na gari la mizigo. Ilikuwa imefungwa ndani ya gunia.

Niliangua kicheko peke yangu pale sokoni, watu wakaniangalia. Nilienda nayo nyumbani, nikaiosha na maji ya majivu na sabuni ya kipande, nikaisuuza, nikaianika kwa kamba ya nguo. Niliomba pia, sitaficha. Niliomba kama mtu anayeomba kazi, bila machozi: Bwana, naomba kitu ambacho panya hawezi kula na ambacho hakina harufu ya chakula.

Kesho yake nilikuwa napita karibu na kibanda cha Bwana Athumani. Huyu alikuwa fundi wa mabati pale sokoni, watu wake ni wa Kitui mjini, wenye asili ya pwani. Alikuwa ndiye aliyebadilisha gata za kanisa, zile za kukusanya maji ya mvua kutoka paa. Gata kuukuu zilikuwa zimelala nyuma ya kibanda chake, zimepinda na kutoboka, hazishiki maji tena.

“Bwana Athumani, hizo gata zina kazi?”

“Zina kazi ya kunikwaza nikipita. Karibu, mama. Unataka kukusanya maji na gata zenye matundu?”

“Nataka kuzika waya.”

Akaweka nyundo chini. Nikamweleza: gata moja inalala chini, waya inapita ndani, gata nyingine inafunika juu. Alisikiliza mpaka mwisho, akainua kipande akapitisha kidole kwa ukingo.

“Hii ukiiacha hivi itakata waya yako kabla ya panya. Ukingo lazima upindwe. Na maungio usifanye uso kwa uso, fanya kama bati la paa, la juu lilale juu ya la chini, maji yateremke.” Akafikiria. “Na matundu usizibe. Acha maji yatoke. Matundu ya kutu ni madogo, panya hapiti.”

“Na mwisho wa gata, pale waya inapotoka?”

“Zibe na ile waya ya kusugulia sufuria. Panya akiuma hiyo, atakuwa mstaarabu.”

“Utanisaidia kupinda?”

“Nitapinda. Lakini uwaambie waimbaji wenu wa alfajiri waanze polepole. Mimi nimeshaamka na kuswali wakati huo, nataka kunywa chai yangu kwa amani.”

“Nitawaambia.”

“Hutawaambia. Leta gata.”

Alipinda zote kwa mkono, na ukingo wa kazi yake ungeweza kuupitisha kwa shavu. Hilo la ukingo mimi sikuwa nimelifikiria hata kidogo, na ndilo lililookoa waya. Tulichimba mtaro mpya kando ya ule wa zamani, maana Mama Mwende alikataa ndengu zing'olewe. “Zimeota bila kupandwa,” akasema. “Mtu ang'oe hiyo kwa mkono gani?” Hata Msimamizi hakubishana naye. Panya waliobaki, nafikiri walibaki kwa ndengu. Sina hakika, lakini sikuona jino hata moja kwa upande wa gata.

Kulikuwa na upungufu mmoja. Gata ziliisha kwa mguu wa mkwaju. Kutoka hapo waya ilipanda shina mpaka kwa honi ikiwa uchi, imefungwa tu na tepu. Nikasema panya hawatapanda mti mbele ya watu wengi hivyo. Nilikuwa nawafikiria panya tu.

Kongamano la Desemba likaanza. Siku ya kwanza honi ikaongea. Nilikuwa kwa mikisa ndani ya hema, na kila wimbo ukiisha nilikuwa natoka nje kusikiliza kule mbali. Siku ya pili ikaongea, na ya tatu. Siku ya mwisho, Jumapili, mahubiri yakiwa katikati kabisa, nikamwona msichana anakimbia kutoka upande wa mkwaju. Hakuhitaji kufungua mdomo. Msimamizi alikuwa kiti cha mbele, na yeye alimwona. Akasimama, akatoka. Nikachukua plaizi na tepu, nikamfuata.

Nilitembea kando ya mtaro nikiangalia udongo. Hakuna shimo wala dalili ya kuchimbua. Msimamizi alitembea mbele yangu na mikono nyuma, na mgongo wake niliusoma vizuri: alikuwa ameshaamua. Kina mama wote walikuwa wamesimama wanatuangalia. Mama Mwende alikuwa amesimama karibu na shina, na uso wake ulikuwa unazuia kitu.

Nikashika waya pale ilipotoka kwa gata. Ilikuwa imelainika, na imelowa.

“Ni panya?” Msimamizi akauliza.

“Ni mbuzi.”

Akageuka. Nyuma ya mti, kwa kivuli kizuri, kulikuwa na beberu mweupe amefungwa kwa kamba, anatafuna bila haraka.

“Mbuzi wa nani huyu?”

“Wa Mungu,” Mama Mwende akasema. “Mwangalie, ana utepe shingoni.”

Alikuwa mbuzi wa sadaka. Kwetu watu huleta kuku, mbuzi, mahindi, na baada ya ibada vinanadiwa. Msimamizi alikunja uso.

“Nani alimfunga hapa, kwa mti wa spika?”

Mzee wa kupokea wageni alikuwa ametufuata. Akavua kofia. “Ni wewe, Msimamizi. Ulisema afungwe kivulini, asinyong'onyee kabla ya mnada.”

Hakuna mama aliyecheka, na hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kuchimba mtaro. Msimamizi aliangalia mbuzi, akaangalia mimi.

“Rekebisha,” akasema.

Nilikata kipande kilichotafunwa, nikamenya ganda, nikasokota njia ya kwenda na yake, ya kurudi na yake, kila moja na tepu yake zisigusane. Mikono yangu ilikuwa mitulivu. Honi ikakohoa, halafu mhubiri akatoka katikati ya neno kama vile hakuwa ameenda popote. Kina mama wakakaa. Nilipogeuka, Msimamizi alikuwa amemfungua yule mbuzi na amemshika kamba mwenyewe. Alisimama naye hapo, na shati lake la pasi, mpaka mahubiri yakaisha. Nafikiri ilikuwa mara yake ya kwanza kusikiliza neno kutoka kwa mkwaju.

Jioni, hema likikunjwa, akaniita tena.

“Nilisema waya ikiliwa tena natoa honi.”

“Ndio, ulisema.”

“Nilikuwa nasema wanyama wa porini.”

Hakuwa amesema hivyo. Sikumsahihisha.

“Huyo fundi wa bati,” akaendelea, “mwambie aje avishe shina la mti pia. Mpaka juu ya kichwa cha mbuzi akisimama na miguu miwili.” Akaondoka. Hatukuzungumza jambo hilo tena, na honi haikutolewa. Ndengu zilivunwa mwezi wa pili. Kina mama walizipika githeri pamoja na mahindi wakaleta kwa kikao cha kamati, na Msimamizi akala.

Baadaye nilirudishwa Wote, nikakaa pale mpaka Fundi Mkuu akapumzika na mimi nikashika stoo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoa magunia yote. Waya zikatundikwa kwa misumari ya mbao, zimeoshwa, zinaning'inia hewani. Nilifundisha vijana wengi, na kila mmoja alianza kwa kufunga macho. Kama mmeitwa mjifunze hii kazi na mkapewa waya kabla ya maiki, msifikiri mmedharauliwa. Maiki ni ya mtu mmoja anayeongea. Waya ni ya wale walio mbali, na hao ndio wengi.

Nimeacha kazi kabla ya umri wa wengi. Mgongo umekataa. Kuinama juu ya mitaro miaka yote hiyo si bure, na daktari aliniambia nichague kati ya kuinama na kutembea. Sikulia. Nilikabidhi tesita na plaizi kwa kijana anayejua meno vizuri kuliko mimi. Sasa kuna spika za betri zisizotaka waya, mnazibeba kama ndoo, na mmeniuliza mara nyingi kama zile gata za Tulia zichimbuliwe. Mimi sina neno. Lakini betri ikiisha katikati ya mahubiri, mjue chini ya udongo kuna njia ya kwenda na njia ya kurudi, na zote nzima.

Agosti iliyopita nilienda Tulia kama mtu wa kawaida. Sikubeba kitu ila kitambaa cha kichwa na Biblia. Mutheu alikuja na mtoto wake mchanga, mjukuu wangu wa kwanza. Neno lilipoanza tu, akalia. Mzee wa kupokea wageni hakutufikia, tulikuwa tumeshaketi kwa mkwaju kutoka asubuhi. Nilimchukua kwa mama yake, nikamweka begani, nikaanza kuzunguka mti naye polepole, nikipita kando ya bati la Bwana Athumani pale shinani, lililoshika kutu sasa. Mtoto alilia sana. Neno lilitufuata kila upande, na sikukosa hata mstari.